AC ya gari inakula wese kiasi gani hasa? Tuwekane sawa

#1 Kibatari
Wakuu salaam. Gari ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ, njia ni Mbagala kwenda Posta asubuhi na kurudi jioni, foleni yake mnaijua. Fundi wa kwanza anasema AC haili petroli, inatumia gesi yake na umeme wa betri. Wa pili anasema inakula karibu robo ya tenki. Wa tatu anasema ukizima ukafungua vioo ndio umeharibu kabisa, upepo unakula kuliko AC. Nani mkweli? Naomba wenye namba, sio "mimi naona".

#2 Mbalamwezi
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye geji.

#3 FundiUbaridi
Huyo wa kwanza arudi gereji akajifunze upya. Gesi hailiwi. R134a, ndiyo gesi yenyewe, inazunguka kwenye mfumo uliofungwa: kompresa, kondensa (inayotoa joto nje, mbele ya rejeta), draya, valvu ya kupanulia gesi, evapareta (inayopoza hewa ya ndani), inarudi kompresa. Ikipungua ujue inavuja. Kinachozungusha kompresa ni mkanda wa kwenye puli ya kranki, na kranki inasukumwa na petroli yako. Umeme unaotumika ni wa feni, na wati 40 hivi za kushika klachi ya sumaku. Ukibonyeza AC ukasikia "tak" na injini ikashtuka kidogo, klachi imeng'ata, na kuanzia hapo injini imebebeshwa mzigo.

Mzigo wenyewe kwa gari ndogo ni kilowati 1 hadi 3. Gari iliyopigwa na jua kwa saa nne inaanzia juu, ikishapoa unashuka, klachi inakuwa inashika na kuachia.

#4 Mzee wa Kipimo
Nianzie hapo kwa FundiUbaridi. Lita ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, yaani karibu kilowati-saa 8.9. Sehemu kubwa inatokea egzosi na rejeta. Inayofika kwenye kranki ni robo hadi theluthi, tuseme kilowati-saa 2.2 hadi 3. Kompresa ikivuta wastani wa kilowati 1.5, umechoma nusu lita hadi 0.7 KWA SAA.

Nimeandika kwa saa kwa herufi kubwa makusudi. Kila mtu anauliza AC inakula ngapi kwa kilometa, na kompresa haijui umetembea kilometa ngapi. Chukua nusu lita. Kwenye foleni ya wastani wa km 15 kwa saa, hiyo nusu lita imekupeleka km 15 tu. Kwa km 100 ni lita 3.3. Kama bila AC gari ingekupa km 9 kwa lita, na AC itakupa 6.9. Sasa peleka gari hiyohiyo Chalinze hadi Morogoro kwa mwendo wa 90. Nusu lita ileile inagawanywa kwa km 90, inakuwa lita 0.55 kwa km 100. Kutoka km 16 kwa lita unashuka 14.7.

Kwa hiyo Kibatari, fundi wako wa pili sio muongo. Kwenye foleni ni karibu robo, barabara kuu ni asilimia 8. Wanaobishana humu mtaani wanaendesha barabara tofauti.

#5 Nyundo Baridi
Mzee hesabu yako nzuri ila umeionea AC. Kwenye foleni injini iko kwenye sailensi, mzunguko 700 hadi 850 kwa dakika. Kompresa nayo inazunguka polepole, haiwezi kuvuta kilowati 1.5 kama ikiwa kwenye 2,500. Kingine, injini ya petroli iliyosimama bila mzigo ndipo inapofanya kazi kwa hasara kubwa zaidi, maana troto (mlango wa hewa ya injini) imefungwa karibu yote na pistoni zinahangaika kuvuta hewa. Ukiongeza mzigo mdogo, troto inafunguka kidogo na hiyo hasara inapungua. Petroli ya ziada haipandi kwa uwiano unaoudhani. Nusu lita ni nyingi kwa foleni.

#6 Mzee wa Kipimo
Hoja ya mzunguko naipokea. Ya troto naipokea nusu, kwa sababu ndiyo hiyo iliyonifanya nitumie theluthi badala ya robo. Njia ya kumaliza ubishi ni kupima. Chukua kifaa cha OBD cha bluetooth (kinachosoma kompyuta ya gari), soma MAF, yaani hewa inayoingia kwenye injini, kwa gramu kwa sekunde. Gawanya kwa 14.7 upate gramu za petroli, zidisha kwa 3,600, gawanya kwa 745 (gramu za lita moja ya petroli). Hizo ni lita kwa saa.

Angalizo: gari nyingi za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 hugoma kusoma mpaka uchague itifaki (lugha ya mawasiliano ya gari na kifaa) kwa mkono kwenye programu ya simu. Usikimbilie kusema kifaa ni kibovu.

#7 Dada Spana
1NZ yenye afya, imeshapata moto, haina mzigo, inasoma jirani na gramu 2.2 za hewa kwa sekunde. Ukiwasha AC na hali ya hewa ya Dar inakuwa kama 3.3. Piga kwa fomula ya #6: lita 0.72 kwa saa, kisha 1.08. Tofauti ni 0.36. Kwa foleni ya Mzee ya km 15 ni lita 2.4 kwa km 100, sio 3.3. Kutoka km 9 kwa lita unabaki na 7.4. Nyundo Baridi kashinda kwa pointi.

Ukipima usikanyage breki, usigeuze sterelingi, taa zima, na subiri feni ya rejeta ikae sawa. Soma dakika tano nzima uchukue wastani, usichukue namba moja wakati klachi imeshika.

#8 Chura Mkavu
Kwa hiyo nijipikie mwenyewe saa nzima ili niokoe theluthi ya lita? Zidisheni na bei ya petroli ya EWURA (wadhibiti wa bei) ya mwezi huu mseme hiyo hela inatosha chipsi au haitoshi. 😂

#9 Mbalamwezi
Chipsi kavu, tena bila kachumbari.

#10 Mwana wa Likoni
Habari zenu kutoka Mombasa. Fundi wa tatu hamjamjibu. Huku kwetu tunajua ukipita 80, funga vioo uwashe AC, upepo una gharama kuliko kompresa. Barabara ya Nairobi hiyo ndiyo sheria.

#11 Tai wa Meru
Hiyo 80 inazunguka sana ila haina mashiko kwa kila gari. Nguvu ya kupasua upepo inapanda kwa mchemraba wa mwendo. Gari ya kawaida, mgawo wa upepo 0.33 na uso wa mita za mraba 2.1, inahitaji karibu kilowati 9 kushinda upepo kwa 100. Kwa 50 ni kilowati 1.1 tu. Vioo vinne vikiwa wazi tuseme vinaongeza asilimia 10. Kwa 50 ni kilowati 0.11, hata feni ya ndani inazidi. Kwa 80 ni 0.46. Kwa 100 ni 0.9. Kwa 120 inafika 1.5, hapo ndipo inapolingana na kompresa.

Kwa namba hizo, vioo ni nafuu karibu mwendo wote halali. Kwenye vibao vya 50 huku kwetu usifikirie hata mara mbili.

#12 Mpakia Mizigo
Asilimia 10 umeitoa wapi mkuu? Ndiyo inayobeba hesabu yote. Gari ya saluni iliyochongwa vizuri kama Premio inaumia zaidi vioo vikifunguliwa, kwa sababu upepo uliokuwa unapita laini unaingia ndani na kugonga kioo cha nyuma. Noah au Land Cruiser tayari ni kabati, ukifungua vioo hujaharibu kingi. Na kioo kimoja cha mbele sio sawa na vinne. Ule mdundo wa masikio ukifungua kioo kimoja cha nyuma peke yake ni hewa inapigwa ndani na nje, na hiyo nayo ni nguvu.

Halafu wanaolia na vioo huku juu wamefunga keria tupu mwaka mzima. Fungua keria kwanza.

#13 Mwana wa Likoni
@Tai wa Meru huku gari ndogo zaruhusiwa 100 hadi 110 kwenye barabara kuu, kutegemea barabara. Kwa hiyo Premio yangu na sheria yangu bado twaenda sawa. 😀

#14 FundiUbaridi
Mnabishana AC inakula ngapi kama vile AC zote ni moja. AC mgonjwa na AC mzima zinaachana mbali, na wengi wanaolalamika wana mgonjwa. Funga geji, injini 1,500, feni ya ndani mwisho, ubaridi mwisho, hewa ya ndani, joto la nje 30 hadi 35. Upande wa chini uwe bar 1.5 hadi 2.5, wa juu bar 14 hadi 16. Ukikuta wa juu 20 na kuendelea, kompresa inasukuma ukuta. Petroli inaliwa na ubaridi haupo.

Sababu za upande wa juu kupanda, kwa jinsi zinavyokutwa:

Kondensa imeziba. Hii inaongoza. Ukiitazama kwa mbele kupitia grili inaonekana safi, uchafu umekaa KATI ya kondensa na rejeta. Vumbi, mabawa ya wadudu na mafuta vimeshikana kama blanketi. Legeza vishikio vya juu vya rejeta, isogeze nyuma vidole viwili, utaona mwenyewe. Pitisha maji ya bomba la kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na upepo ulivyoleta uchafu. Mashine ya kuoshea gari weka mbali, inalaza mapezi yote na umejifungia njia ya hewa mwenyewe.

Feni. Inazunguka lakini brashi zimeisha, inazunguka kivivu. Au imebadilishwa ikafungwa waya kinyume, inapuliza mbele badala ya kuvuta. Weka kipande cha gazeti mbele ya kondensa: kisiponata, feni haivuti.

Gesi imezidi. Hili ndilo kosa la fundi maiko, yule wa kubahatisha.

#15 Mbalamwezi
Mkuu, si wanajaza mpaka bomba nene lianze kutoa jasho? Ndivyo nilivyoona kila mahali.

#16 FundiUbaridi
Ndivyo wanavyozidisha. Kiasi kiko kwenye lebo chini ya boneti, kwa gramu. Gari ndogo nyingi ni kati ya 400 na 550. Gramu 100 za ziada kwenye mfumo wa 450 sio mchezo: kondensa inajaa maji ya gesi (gesi iliyogeuka maji), nafasi ya kupozea inapungua, presha inapanda.

Geji gari ikiwa imezimwa haikwambii kiasi. Kwenye joto la 30, R134a inasoma psi 97 hivi ikiwa na gramu 150 au 500, mradi kuna tone la maji ya gesi ndani. Kwa hiyo: toa yote, vuta vakyumu dakika 30 hadi 45, funga valvu uache dakika 10 uone kama mshale unarudi, kisha weka mtungi juu ya mizani uingize gramu za lebo. Fundi asiye na mizani anakadiria. Na wakati wa kuvuta vakyumu ndipo hewa na unyevu vinatoka. Hewa iliyobaki ndani haigeuki kuwa maji, inakaa juu ya kondensa na kupandisha presha, unaweza kudhani gesi imezidi kumbe ni hewa.

#17 Dada Spana
Niongeze kinachosingiziwa AC kila siku: themostati kutolewa. Gari ilichemka siku moja foleni na AC ikiwa inafanya kazi, fundi akatoa themostati na kufunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Tatizo lililochemsha (kondensa chafu ya #14) bado lipo. Sasa injini inakaa nyuzi 60 badala ya 80 na ushee, sensa inaiambia kompyuta injini ni baridi, kompyuta inaongeza petroli. Feni nayo inavuta ampea zake usiku kucha barabarani pale ambapo upepo ungetosha. Mwenye gari anasema "tangu nirekebishe AC inakula mafuta". Rudisha themostati kwanza ndipo uhukumu.

#18 Nyundo Baridi
Hilo kweli, ila usiwape watu kichaka. Themostati ikitolewa, ulaji wa mafuta unaonekana zaidi safari fupi na barabara kuu. Kwenye foleni ya Dar injini inapata moto hata bila themostati. Kibatari yeye analia na foleni.

#19 Kibatari
Themostati ipo. Swali la nyongeza: nikiweka AC kwenye 24 badala ya mwisho, naokoa?

#20 Mpakia Mizigo
Ndiyo, kama nyumbani. Joto ulilotaka likifika, kompresa inapumzika.

#21 FundiUbaridi
Sio kwa kila gari. Kwenye AC ya kuzungusha kwa mkono, ile swichi ya joto inafungua kijimlango kinachochanganya hewa iliyokwishapozwa na hewa ya hita. Kompresa haijui. Inasikiliza kisensa kilichochomekwa kwenye evapareta: ikishuka karibu nyuzi 3 klachi inaachia, ikipanda kidogo inashika. Ukizungusha kuelekea wekundu umepoza hewa kwa petroli halafu umeipasha tena. Kinachookoa ni kupunguza FENI. Hewa kidogo ikipita, evapareta inafika nyuzi 3 haraka na klachi inakaa muda mrefu imeachia.

Gari zenye kompresa inayobadilisha ujazo kwa amri ya kompyuta, hapo Mpakia Mizigo yuko sahihi.

#22 Tai wa Meru
Na kitufe cha hewa ya ndani. Dar mzigo mkubwa hauko kwenye joto peke yake, uko kwenye unyevu. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ni mvuke uliogeuzwa, na kila lita moja kwa saa ni karibu kilowati 0.7 ya kupoza iliyotumika kutengeneza maji tu. Ukiacha hewa ya nje, kila sekunde unaleta mvuke mpya. Dakika ya kwanza fungua vioo umwage joto, halafu funga, weka hewa ya ndani. Ukisikia usingizi au kichwa kizito fungua nje kidogo, msife kwa ubahili.

Dodoma kavu, gari hiyohiyo na joto hilohilo, kompresa inapumzika mara nyingi zaidi.

#23 Mtu wa Maskati
Huku Maskati mwezi wa saba hatuna mjadala wa kuzima. Tunajadili kondensa na feni tu. #14 ibandikwe ukutani.

#24 Mwana wa Likoni
Nao wa Nairobi wasema hawatumii AC. Waulizeni mvua ikinyesha wabonyeza nini kioo kikipata ukungu. Kwenye Toyota nyingi ukielekeza hewa kioo cha mbele, kompresa yajiwasha hata kama hujagusa AC, na kwa nyingine taa ya AC haiwaki.

#25 Chura Mkavu
Arusha na Mbeya nao wakae kimya basi. Na sisi wenye Aqua mnatuambiaje? Injini inazima foleni, AC inaendelea. Bure!

#26 Dada Spana
Sio bure. Kompresa ya Aqua na Prius nyingi haina mkanda, ina mota yake inayokula betri kubwa. Betri ikishuka, injini inajiwasha yenyewe kuijaza, hata umesimama. Sikiliza foleni mchana wa jua, inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache.

La muhimu kuliko wese: kompresa hiyo inataka oili ya ND-11. Akikuwekea PAG ya kawaida (oili ya kompresa za mkanda), hata mabaki yaliyobaki kwenye mipira ya geji, oili inapitisha umeme na kula uwezo wa nyaya za mota kujikinga. Baadaye taa zinawaka, gari inakataa. Muulize fundi ana mipira ya geji ya haibridi peke yake au anatumia ileile ya Noah.

#27 Nyundo Baridi
Kuna AC ya bure kweli, na watu wanaizima. Ukishuka mlima Kitonga ukiwa umeachia mafuta na gia imeshika, nozeli za petroli zinafunga kabisa. Kompresa inazungushwa na mteremko. Ukiweka gia huru unajidanganya: injini inarudi kwenye sailensi inakunywa, na breki zinaungua. Kupanda Kitonga ndio uzime, hasa mshale wa joto ukianza kusogea.

#28 Mpakia Mizigo
Kupanda kompyuta inazima yenyewe ukikanyaga mwisho. Mnapenda kujichosha vidole.

#29 Nyundo Baridi
Ukikanyaga mwisho, na kwa sekunde chache. Kitonga utakanyaga mwisho dakika ngapi mkuu?

#30 Kibatari
Wakuu asanteni. Namba zimepatikana, IST, kwa maelekezo ya #6 na #7: bila AC gramu 2.4, na AC 4.1. Kwa hesabu ni lita 0.79 na 1.35. Hii ni zaidi ya ya Dada Spana. Mnasemaje?

#31 Mzee wa Kipimo
Tofauti 0.56 kwa saa. Nusu lita yangu ya #4 imefufuka kutoka kaburini. Nyundo Baridi rudisha zile pointi.

#32 Nyundo Baridi
Haijarudi, hiyo ni AC mgonjwa. Au gari ilikuwa imetoka juani, mzigo wa mwanzo.

#33 FundiUbaridi
Au gesi imezidi. Kibatari, ulisubiri dakika ngapi kabla ya kusoma? Na lile gazeti la #14 ukiliweka mbele ya kondensa linanata au linaanguka?